Muulize Fundi: Redio ya babu inapiga filimbi

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu babu alituachia redio kubwa ya mbao na saa ya ukutani. Saa inagonga mara kumi na moja wakati ni saa mbili usiku. Redio nayo, nikiwasha na ile yangu ndogo karibu yake, ndogo inapiga filimbi. Bibi anasema ni mizimu, vitolewe nje. Sisi tuna bendi, tunataka kuvirekodi. Kuna ubaya? – Mpiga gita, Majengo, Moshi.

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mwombe bibi avumilie kidogo, maana hapo una ala mbili za bure.

Redio nyingi za namna hiyo huzalisha mawimbi yao zenyewe ndani, kilohezi 455 hivi juu ya unapotegea. Ukiitega kubwa kwenye 600 za masafa ya kati, inavujisha 1055. Ndogo ikiwa imeshika stesheni ya jirani na hapo, mawimbi hayo mawili yanagongana, na tofauti yao ndiyo filimbi. Usiku stesheni za mbali huingia kwa wingi, kwa hiyo kunakuwa na vya kugongana navyo. Sasa zungusha kitufe cha kubwa polepole: filimbi inashuka, inakoroma, inapotea, halafu inapanda tena upande wa pili. Tafuta noti zako humo. Mmarekani John Cage mwaka 1951 alitunga muziki wa redio 12 na wachezaji 24: kila redio mmoja anatafuta stesheni, mwenzake anashika sauti. Bibi akikubali, mpe cha sauti.

Saa yako nadhani ina gurudumu la mapengo linalohesabu milio bila kujali mishale. Mtu akisukuma mishale kwa kidole, hesabu zinaachana. Ilitakiwa igonge nane. Fundi saa atairekebisha, ila mimi ningeiacha hivyo hivyo, bendi haihitaji saa ya kweli. Angalia pendulamu: ikiwa na sentimita 25 kutoka inaponing'inia hadi katikati ya kisahani, inapiga tiki 120 kwa dakika. Mpigangoma atashukuru.

Ubaya uko kwenye redio. Kama ni ya valvu, zile taa za kioo, usifungue mgongo wake: ndani mna volti zaidi ya 200, na kapasita hushika umeme hata ukiichomoa. Ikaguliwe na fundi kwanza.

Mkirekodi, chomoeni chaja zote za simu. Zinaleta mkwaruzo, na ule hauimbiki.