Muheme na Wapigaji Wake
Ndugu uliyeuliza kama ni kweli kwamba kwa Wagogo wa Dodoma wanawake ndio wapiga ngoma, jibu ni ndiyo, japo si kwa ala zote. Muheme, ngoma yenye kiuno chembamba ambayo mpigaji huibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku akiimba, ni ya akina mama, na kwa asili inahusiana na sherehe za jando na unyago. Zeze na ilimba (ala yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) zimezoeleka zaidi mikononi mwa wanaume. Hayati Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alizipiga hadi Ulaya, na pengine ndiyo maana wengi (kimakosa, kwa maoni yangu) hudhani muziki wa Kigogo ni wa wanaume.