Stationery au Stationary? Chunga Herufi ya Nane

Kwenye mitaa yenye shule, vyuo na ofisi nyingi, Tanzania na Kenya, hukosi kukuta kibao cha duka la karatasi kilichoandikwa STATIONARY kwa herufi kubwa zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Duka ni zuri, huduma ni nzuri, lakini kibao kinasema kitu kingine. Neno linalotakiwa ni "stationery", yenye e. "Stationary", yenye a, ni kivumishi: husema kitu kimesimama, hakisogei. Maneno yote mawili yana herufi kumi na yanatofautiana kwenye herufi ya nane peke yake.

Sikio halikusaidii hapa. Waingereza wenyewe huyatamka maneno haya mawili sawasawa, kwa sababu mkazo uko mwanzoni na irabu ya karibu na mwisho humezwa. Sisi tuna mtego wa ziada: tumelichukua neno tukaliita steshenari, tukaliandika kwa a kama tunavyolitamka. Tukirudi kwenye Kiingereza mkono unaibeba a ile ile. Tena maneno mengi ya jirani yake yanaishia hivyo hivyo: "library", "dictionary", "secretary", "salary". Anayeshinda ofisini au maktabani huyaandika kila siku, na mkono huzoea.

Dawa tunayoiamini kuliko zote ni kuangalia maduka. Kiingereza huchukua jina la mfanyabiashara linaloishia na -er, kikaliongezea y, likapatikana jina la biashara au bidhaa yake. "Baker" huzaa "bakery", "butcher" huzaa "butchery", "grocer" huzaa "grocery". Muuza karatasi anaitwa "stationer", naye huzaa "stationery". Kwa hiyo bucha, bekari, groseri na steshenari zote zinaandikwa kwa -ery. Ukisita, ondoa y ya mwisho uone kilichobaki. "Stationer" ni mtu, yupo kwenye kamusi. "Stationar" hayupo popote.

Walimu wengi hufundisha kwamba e ni ya "envelope", yaani bahasha. Ni njia nzuri kwa watoto. Kwa "stationary" kumbuka "car" na "park", maneno yenye a: gari limeegeshwa, halisogei.

Maneno haya mawili ni ndugu kweli, na chimbuko lao linaeleza kwa nini yanafanana hivyo. Yote yanatoka kwenye Kilatini, kwenye neno lenye maana ya kusimama, mzizi ule ule uliotupa stesheni ya treni. Ulaya ya zama za kati wachuuzi wengi walizunguka na bidhaa zao kutoka gulio moja hadi jingine. Muuza vitabu wa karibu na chuo kikuu alikuwa na kibanda cha kudumu, naye akaitwa kwa Kilatini "stationarius", aliyekaa mahali pamoja. Jijini London watu wa kazi hiyo waliunda chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 kikapewa hati ya kifalme iliyokitia mkononi udhibiti wa uchapaji vitabu. Chama hicho, Stationers' Company, bado kipo. Baadaye bidhaa za muuzaji huyo, yaani karatasi, wino na kalamu, zikachukua jina lake.

Sasa matumizi. "Stationery" ni nomino isiyohesabika, kama "furniture". Huandiki "stationeries" hata ukinunua maboksi mia, wala huandiki "a stationery" ukimaanisha kalamu moja. Sema "some stationery", "office stationery", au "items of stationery" kama lazima uhesabu. Kosa la wingi limejaa kwenye orodha za mahitaji ya shule, na huwa halionwi kwa sababu kila mtu anapambana na ile a.

Jambo la pili: kwetu steshenari ni duka, tena ndiko unakokwenda kutoa kopi, kuchapa barua, kulamineti cheti na kubaindi ripoti. Kiingereza sanifu hakiligawii neno hilo mzigo wote huo. Lenyewe ni vifaa tu. Duka ni "stationery shop", au kwa Waingereza "stationer's". Ukitaka kibao kimweleze na mgeni kwamba unatoa kopi, andika "Stationery & Photocopying". Neno la kwanza peke yake halimwambii hivyo.

"Stationary" nayo ina mahali pake, hasa kwenye maelezo ya ajali. "My vehicle was stationary" ni sentensi inayoweza kuamua nani alimgonga nani, na kwenye fomu ya bima inatakiwa iwe sahihi. Iandike kwa e, na gari lako limegeuka kuwa karatasi.

Usiitegemee kompyuta. Mstari mwekundu hautokei kwa sababu maneno yote mawili yapo kwenye kamusi yake. Kabla ya kutuma zabuni, ankara au oda ya manunuzi, bonyeza Ctrl na F, andika "stationary", kisha pitia kila palipotokea. Epuka kubadilisha yote kwa mkupuo, maana hati ya bima au ya magari inaweza kuwa na "stationary" halali.

Kwa kibao, mpe fundi neno likiwa limechapwa kwa herufi kubwa, wala usimtajie kwa mdomo. Kama rangi imeshakauka, kosa linarekebishika: A inafunikwa, E inaandikwa palepale. Herufi za stika hubanduliwa moja. Mhuri wa mpira hauna namna, chonga mwingine.

Tahadhari kubwa ni kwenye jina lililosajiliwa. Kama cheti chako cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, au cha msajili wa biashara nchini Kenya, kimeandikwa kwa a, hilo ndilo jina lako kisheria hadi ulibadilishe. Ukirekebisha mhuri na ankara peke yake, jina halitalingana na akaunti ya benki, na malipo yanaweza kurudishwa. Anza na usajili, fuatia benki, kisha mhuri na vitabu vya risiti, kibao kije mwisho. Wakati unasubiri, acha jina la biashara kama lilivyo kwenye cheti, lakini kwenye safu ya bidhaa ndani ya ankara andika "stationery" kwa e, kwani pale unataja vitu unavyouza.