Maswali yenu: bakteria anayeua madume, na vipepeo waliompiga chenga

Tangu niandike kuhusu wolbakia, yule bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu na kuua watoto wa kiume, inboksi imejaa. Nawajibu wachache.

*Bakteria anafaidika nini kuua dume? Si anajikatia riziki? (Mukono)*

Hapana ssebo, wolbakia anarithiwa kupitia yai la mama tu, mbegu ya dume haimbebi, kwa hiyo akiingia kwa mtoto wa kiume ndo amefika mwisho wake. Akimuua bado yuko ndani ya yai, dada zake wanalila hilo yai na chakula kinawabakia wao, na hao dada ndo wanambeba bakteria kwenda mbele. Ukatili, lakini hesabu inakubali.

*Hii kitu iko Uganda kweli ama ni ya huko nje? (Jinja)*

Iko, tena sisi ndo mfano wenyewe. Denis Owen, akiwa Makerere miaka ya 1960, aliona vipepeo wa aina ya Acraea encedon wengine wanazaa majike matupu. Bakteria alikuja kutambuliwa baadaye sana. Kuna sehemu zaidi ya asilimia 90 ya majike wanaye, madume ni wa kutafuta kwa tochi, mpaka majike ndo wanajikusanya huko juu ya vilima kungoja dume apite, na kwa vipepeo wengine wanaokutana vilimani kazi hiyo ya kungoja ni ya madume. Wengi hawaolewi, maskini.

*Sasa wadudu hawajitetei? (Mbale)*

Wanajitetea, na hapa ndo utamu. Huko Samoa, kisiwa cha Savaii, mwaka 2001 kipepeo Hypolimnas bolina alikuwa na dume mmoja tu kwa kila vipepeo 100. Mwaka 2006 madume walikuwa karibu 40 kwa 100! Kilichotokea ni jeni inayozuia bakteria asiue madume. Fikiria, wewe ndo dume pekee mtaani na majike ni mia, kila yai ni lako, basi ile jeni yako inasambaa kama moto wa kiangazi. Yaani jinsi bakteria anavyofanikiwa kuua ndo anavyomtajirisha dume yeyote atakayeponyoka. Ila jeni yenyewe lazima itokee kwanza, haiji kwa kuhitajika tu, ndo maana sio kila mdudu kajinasua, kuna nzi wadogo wa Marekani, Drosophila innubila, wamekaa na muuaji wao muda mrefu sana na usugu hawana.

*Dume aliyepona, bakteria ametoka mwilini? (Gulu)*

Wapi! Bado anaye. Na akipanda jike asiye na bakteria, mayai yanakufa. Mbinu ya kwanza imefungwa, ya pili imefunguka. Mi huyu bakteria namvulia kofia.

*Wale mbu wanaowekewa wolbakia kuzuia denge, ile homa inayoenezwa na mbu, si nao watapata usugu? (Kampala)*

Swali kali. Yogyakarta, Indonesia, mbu hao walipunguza denge kwa asilimia 77. Lakini kwa mbu hakuna dume anayeuawa, mayai yanaharibika pale tu dume mwenye bakteria akikutana na jike asiye naye. Wote wakishakuwa naye hakuna yai linaloharibika hivyo, kwa hiyo mbu hana cha kumsukuma apambane na mbinu hiyo. Mi ningehofia zaidi kirusi cha denge chenyewe, ambacho bakteria ndo anakizuia ndani ya mbu, kubadilika.