Bajeti ya jimbo la India: nakisi iko ukurasa gani?

SWALI: Ninasoma Pune. Kila ifikapo Machi magazeti ya hapa hujaa habari za bajeti ya serikali ya jimbo. Gazeti moja likasema hesabu zimesawazika, jingine likataja nakisi ya asilimia 3 na kitu. Nilipotoa mapato kwenye jumla ya bajeti nikapata pengo kubwa kuliko la wote. Nani kakosea? (Msomaji, Pune)

JIBU: Wewe umekosea kidogo, gazeti la kwanza limekosea zaidi. Bajeti yoyote duniani itasawazika ukihesabu mkopo kuwa ni mapato. Na wewe umeingiza kwenye matumizi kitu kisichostahili kuwemo.

Kwanza vipimo. Tarakimu za vitabu hivyo ziko kwa crore, yaani laki mia moja, sawa na milioni 10. (Laki ni hii hii yetu; tuliitoa huko huko.) Halafu tuchukue jimbo la kubuni. Kitabu chake cha muhtasari kinaonyesha jumla ya bajeti crore 103,000. Ndani yake mna matumizi ya kawaida 84,000: mishahara, pensheni, riba, ruzuku za umeme. Barabara, mabwawa na majengo 11,000. Mikopo ambayo jimbo linayakopesha mashirika yake 1,000. Zinabaki 7,000, na hizo ni marejesho ya deni la zamani. Hapo ndipo ulipoteleza. Kulipa mkopo wa zamani kwa mkopo mpya hakuongezi deni hata rupia moja, kwa hiyo hizo 7,000 huondolewa. Matumizi ya kuhesabia nakisi ni 96,000.

Upande wa pili weka mapato yasiyo mkopo tu: kodi za jimbo lenyewe, mgao kutoka serikali kuu na ruzuku zake, jumla 80,000, pamoja na 400 zilizorejeshwa na wale waliokopeshwa. Toa 80,400 kwenye 96,000, unapata 15,600. Hiyo ndiyo nakisi ya bajeti. Igawe kwa pato la jimbo (thamani ya vyote vinavyozalishwa humo kwa mwaka, si mapato ya serikali), tuseme crore 500,000, ni asilimia 3.12. Wewe ulikuwa unaona 22,600, ambayo ni mkopo wote utakaochukuliwa mwaka huo, mpya na wa kulipia wa zamani.

Usiishie hapo, maana nakisi moja ina sura mbili zaidi. Matumizi ya kawaida 84,000 dhidi ya mapato 80,000: jimbo limekopa 4,000 kwa ajili ya kula. Kwa maoni yetu tarakimu hii inasema mengi kuliko ile asilimia inayopigiwa kelele, kwa sababu 15,600 zilizojenga madaraja si sawa na 15,600 zilizolipa mishahara. Ya pili: toa riba, tuseme 9,600, kwenye nakisi. Zinabaki 6,000. Hilo ndilo pengo la mwaka huu wenyewe. Zilizobaki ni mzigo wa madeni ya miaka iliyopita.

Tahadhari moja unapolinganisha. Jedwali lina safu nne. Bajeti iliyosomwa Machi 2025 inaonyesha hesabu halisi za 2023-24, makadirio ya 2024-25, makadirio hayo hayo yakiwa yamerekebishwa, na makadirio ya 2025-26 (mwaka wao huanza Aprili 1). Mawaziri hupenda kulinganisha makadirio na makadirio, ahadi kwa ahadi. Wewe anza na safu ya hesabu halisi. Mara nyingi utakuta mapato yalikadiriwa juu, fedha zikapungua njiani, na kwa kuwa mishahara, pensheni na riba havigusiki, kilichokatwa robo ya mwisho ni barabara. Nakisi inabaki nzuri, daraja halipo. Chunguza pia pato la jimbo waliloligawia: likikadiriwa kubwa kupita kiasi, asilimia inashuka bila mtu kubana matumizi.

SWALI: Kwetu Kenya kaunti haikopi bila dhamana ya serikali ya kitaifa. Majimbo ya India yanajikopea yatakavyo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana, ingawa yana nafasi kubwa kuliko kaunti. Ibara ya 293 ya Katiba ya India inaliruhusu jimbo kukopa ndani ya nchi tu, na likiwa bado lina deni la serikali kuu lazima liombe idhini kwanza. Kwa kuwa majimbo karibu yote yanadaiwa na Delhi, idhini imekuwa ya kila mwaka, ikija na ukomo wake. Tume ya Fedha ya 15, chombo kinachopendekeza namna serikali kuu na majimbo wagawane kodi, ilipendekeza asilimia 4 ya pato la jimbo kwa 2021-22, 3.5 mwaka uliofuata, kisha 3, na nyongeza ya 0.5 kwa jimbo linalorekebisha sekta ya umeme. Ikishapatikana idhini, Reserve Bank, yaani benki kuu yao, huuza hatifungani za jimbo kwa mnada.

Penye ukomo pana mchepuko. Shirika la jimbo linakopa kwa dhamana ya serikali, deni haliandikwi kwenye bajeti, lakini linalipwa kwa kodi. Jimbo la Kerala lina KIIFB, mfuko wa miundombinu unaolishwa na sehemu ya kodi ya magari na tozo ya mafuta. Tangu 2022 Delhi inahesabu mikopo ya namna hiyo ndani ya ukomo wa jimbo. Kerala ikaenda Mahakama ya Juu mwishoni mwa 2023. Aprili 2024 mahakama ilikataa kutoa nafuu ya muda, ikalipeleka suala la Ibara ya 293 mbele ya majaji watano.

Kwa hiyo msomaji wa Pune, ukimaliza jedwali la nakisi tafuta pia orodha ya dhamana zilizotolewa na serikali. Kwa kawaida huwekwa nyuma kabisa, kwenye viambatisho.