Siku moja ya Chumbe: msitu kwanza, bahari baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: msomaji akipata siku moja tu ya mapumziko kisiwani Unguja, aitumie vipi? Najua wengi watataja Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini-mashariki. Mimi nasema Chumbe, na nasema mtu atembee kwa miguu kwanza ndipo aingie majini.

Chumbe ni kisiwa kidogo kusini mwa Mji Mkongwe, urefu wake kilomita moja na ushei. Boti hutoka pwani ya Mbweni, na haipiti saa nzima umeshateremka mchangani. Wageni wa kutwa hupokelewa nafasi ikiwepo tu, kwa hiyo ulizia mapema, na bei pia uulize, maana si ndogo.

Siku yenyewe inapangwa na maji. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, likipwa, mwamba wa matumbawe unaachwa karibu mkavu, na mwenye kuogelea atajikwaruza tumbo na kuvunja matumbawe. Maji yakijaa mchana, basi asubuhi ni ya msitu.

Msitu ule umeota juu ya maweni, yaani matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Udongo ni haba. Mizizi inajipenyeza kwenye nyufa kutafuta riziki. Maji baridi hayapo kisiwani, hata nyumba za wageni zinakinga ya mvua kwenye mapaa yake. Kandambili ziache nyumbani, mawe yale yanachana. Ukipata mtembezaji mwenye subira, mwambie akuonyeshe chaza wakubwa waliogeuka jiwe. Wamo njiani, chini ya miguu yako, magamba yao yamepindapinda ukingoni na mpasuko wa mdomo bado unaonekana. Wengi wanawaruka wakikimbilia mnara wa taa.

Mnara nao nenda. Ulijengwa 1904, una ngazi zaidi ya 130, na kule juu utaona ulikotoka na utakakoingia: upande wa magharibi rangi ya maji inabadilika ghafla pale mwamba unapoishia. Paa nunga, paa wadogo walio adimu, wamo msituni ila ni waoga, usiwawekee tamaa. Kaa wa nazi hutoka usiku. Mgeni wa mchana kwa kawaida huonyeshwa shimo tu, akaambiwa huyo mwenyewe anaweza kupanda mti na kupasua nazi.

Sasa majini. Vaa miwani na mrija, na shati la mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua mwili mzima, kwa sababu baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi kwa wageni, na wala hukuhitaji: mwamba uko karibu na uso wa maji. Zimeorodheshwa pale zaidi ya aina 400 za samaki. Mimi humtafuta chaza yuleyule wa msituni, safari hii akiwa hai. Mdomo wake una nyama ya buluu au kijani yenye madoadoa, na kivuli chako kikimpitia tu, anajifumba. Ukishamwona wa jiwe asubuhi, huyu wa mchana humpiti haraka. Waliotangulia majini wakamaliza na msitu, kwa jinsi nionavyo, hubaki na picha za samaki basi.

Mwamba huo haukusalimika na kila kitu. Joto la bahari la 1998 na la 2016 liliyapausha matumbawe. Uvuvi lakini haumo, tangu Serikali ya Zanzibar ilipotangaza hifadhi mwaka 1994. Walinzi walitokana na wavuvi wa vijiji jirani, na hawabebi bunduki. Wanamfuata mvuvi kwa boti na kumweleza kwamba samaki wakizaliana ndani, watatoka nje ya mpaka, na huko ndiko avue. Kuna siku anakubali, kuna siku anabisha.

Jambo jingine lililonifanya niichague ni watoto wa skuli. Kwetu bahari ni ya kazi: mishipi, madema, mwani. Kuingia majini kutazama tu tumewaachia wageni, wakati bahari ni yetu. Chumbe inawapeleka wanafunzi wa Unguja pamoja na walimu wao, na wapo wanaovaa miwani ya majini kwa mara ya kwanza huko. Mtoto wa mvuvi akiibuka na kupiga kelele kwamba kamwona samaki pono akiguguna jiwe, hiyo kwangu inashinda tangazo lolote la utalii.

Chumbe ikijaa, vuka Pemba uende Misali, magharibi ya Chake Chake. Mpango ni uleule, njia za msituni na mwamba mzuri, ila huko wavuvi wanaendelea na kazi zao katika sehemu zilizoruhusiwa. Chakula na maji ya kunywa beba mwenyewe, hapana duka.