Maswali ya Wasomaji: Nitajuaje Kama Mbwa Wangu Bado Anaishi Vizuri?

Barua nyingi tulizopokea kutoka Nakuru hadi Busia zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu asiye daktari apime vipi hali ya mbwa wake akiwa nyumbani? Tumechagua tano.

SWALI: Daktari, salamu. Mbwa wetu Simba ni chotara wa German Shepherd na amefikisha miaka 12. Asubuhi huamka kwa shida, miguu ya nyuma ikitetemeka, lakini akishatembea kidogo anakuwa sawa, na chakula anamaliza. Mume wangu anasema ni uzee tu. Mwanangu anasema tunamtesa. Nitajuaje ukweli uko wapi? – Mama Simba, Lanet, Nakuru

JIBU: Mama, kumaliza chakula si ushahidi kwamba hana maumivu. Mbwa wengi wenye viungo vilivyolika huendelea kula vizuri hata hali ikiwa mbaya. Wala usingoje alie. Maumivu makali ya ghafla humtoa mbwa sauti, ila yale ya miezi na miezi huyabeba kimya, na watu wa nyumbani huyazoea bila kujua. Ukakamavu wa asubuhi unaolegea mwili ukishapata joto ni dalili ya kawaida ya ugonjwa wa viungo. Uzee hauna dawa. Viungo vinavyouma vina dawa, na ndiyo maana hatupendi neno "uzee tu".

Mkague leo jioni. Tazama kucha za nyuma: zikiwa zimelika upande wa juu, anaburuta miguu. Linganisha mapaja na mabega, kwa sababu mbwa anayeumwa nyonga hujiegemeza mbele, mapaja yanakonda na mabega yananenepa. Angalia kama kuna kiungo anachokilamba hadi manyoya yamegeuka rangi ya kahawia. Usiku sikiliza kama anainuka kila mara kutafuta pengine pa kulala, au anahema ulimi nje ilhali Lanet kuna baridi. Kuhema bila joto wala mazoezi mara nyingi ni maumivu, au ni moyo.

Kisha chukua daftari. Kumbukumbu ya kichwani hupotosha: siku akiamka vibaya unaona mwisho umefika, kesho akitikisa mkia unasahau. Andika kwanza mambo matano ambayo Simba mwenyewe aliyapenda, mathalani kukimbilia geti akisikia gari au kumfuata mtoto dukani. Hicho ndicho kipimo chake, wala usimlinganishe na mbwa wa jirani. Kila jioni weka alama kwa lile alilolifanya, na mwisho wa siku uandike "njema" au "mbaya". Siku mbaya ni ile aliyokataa chakula, aliyoshindwa kuinuka bila kusaidiwa, aliyojichafua akiwa amelala, au aliyojitenga na watu.

Ongeza vipimo vitatu vya namba. Mara mbili kwa wiki, akiwa amelala fofofo wala haoti, hesabu kifua kinavyopanda kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Mbwa mwenye afya hubaki chini ya 30 kwa dakika. Ukipata zaidi ya 30 mara kadhaa, mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu, maana moyo unaoanza kushindwa hujionyesha hapo kabla ya kikohozi.

Kila wiki mbili mpime uzito. Mbwa mdogo unambeba, unapanda naye kwenye mizani, halafu unatoa uzito wako. Simba ni mzito, kwa hivyo omba mizani ya magunia kwenye posho mill, na utumie mizani ileile kila mara. Aliyekuwa kilo 30 akifika 27 bila wewe kupunguza chakula, ameshapoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na hilo si la kungoja.

Tatu, bonyeza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha uachie. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Kama ufizi wake ni mweusi kwa asili, vuta kope la chini uangalie rangi ya ndani.

Kuna pia jedwali lililotungwa na daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, mwaka 2004. Unatoa alama 0 (hali mbaya kabisa) hadi 10 (hali nzuri kabisa) kwa mambo saba: maumivu (pamoja na kupumua), njaa, maji mwilini, usafi, furaha, mwendo, na kama siku njema zinazidi mbaya. Jumla ikipita 35, maisha yake bado yanabebeka. Ni jedwali zuri, lakini jumla inaweza kuficha jambo zito. Mbwa anayepata 10 kwa chakula na 0 kwa kupumua hayuko sawa, hata jumla ikifika 50. Wewe, mume wako na mwanao mjaze kila mmoja peke yake kila Jumapili, bila kuoneshana, kisha mlinganishe. Mahali mlipotofautiana kwa alama nne au tano ndipo mnapohitaji kumtazama Simba kwa pamoja.

Baada ya wiki mbili za kuandika, mwone daktari, umwombe jaribio la dawa ya maumivu ya mbwa, kama meloksikamu au kaprofeni, kwa kipimo cha uzito wake. Umri wake unataka damu ipimwe kwanza, ili hali ya figo na ini ijulikane. Mwambie daktari pia kama alidungwa deksamethasoni au kupewa prednisoloni hivi karibuni, kwa sababu dawa hizo zikikutana na hizi za maumivu huweza kutoboa tumbo. Endelea kuandika wiki mbili nyingine. Akianza tena kukimbilia geti, jibu la mabishano yenu mtakuwa nalo kwenye daftari.

Wakati huohuo mtandikie gunia lililojazwa nyasi kavu au godoro kuukuu juu ya mbao, asilale kwenye saruji. Kwenye vigae weka zulia pale anapopita, punguza kucha, na mtembeze dakika 10 mara tatu kwa siku badala ya nusu saa mara moja. Akiwa mnene, mpunguze. Kilo mbili tatu zikitoka, nyonga huzisikia.

SWALI: Mbwa wetu ana uvimbe usiotibika, na alama zinashuka kila wiki. Tukiamua kumpumzisha, daktari hufanya nini hasa? Na tumzike wapi? – Msomaji, Njoro

JIBU: Pole, ndugu. Kwa kawaida daktari huanza na sindano ya kumtuliza. Akishasinzia, anadungwa dawa ya usingizi kwa kiasi kikubwa kupita kiasi, moja kwa moja kwenye mshipa. Fahamu zinapotea ndani ya sekunde chache, na moyo unasimama baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi, na huenda akavuta pumzi moja mbili za mwisho au akakojoa. Waambieni watoto mapema, wasidhani ni maumivu, kwa sababu hapo hasikii tena kitu.

Usikubali daktari anayetaka kutumia sumu, wala sindano ya kulegeza misuli bila usingizi. Uliza kabla hajaja.

Dawa hiyo hubaki ndani ya mzoga kwa muda mrefu. Chimbeni zaidi ya mita moja, mbali na kisima, na msimtupe jalalani, kwani mbwa wengine na ndege wala mizoga wakimla wanaweza kufa.

SWALI: Hapa Kisumu joto ni jingi, lakini jike letu la miaka saba linamaliza beseni la maji na kulilia jingine. Hula ugali na omena. Ana kilo 20, hajafungwa uzazi, na alikuwa kwenye joto la kutaka dume kama wiki sita zilizopita. Nimpunguzie maji? – Baba Achi, Mamboleo

JIBU: Hapana, baba, usimnyime maji hata kidogo. Barua yako ina jambo moja lililotushtua, nalo ni zile wiki sita. Jike asiyefungwa uzazi akianza kunywa na kukojoa sana wiki nne hadi nane baada ya joto, jambo la kwanza la kuhofia ni usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Wakati mwingine unaona uchafu ukitoka nyuma na anajilamba sana. Wakati mwingine mlango wa mfuko huo umefungwa na hakuna kinachotoka, na huyo ndiye hatari zaidi, maana mfuko unaweza kupasuka. Akikataa chakula, akatapika au tumbo likajaa, hizo ni saa za kuhesabu. Mpeleke leo. Tiba ya uhakika ni upasuaji wa kuutoa mfuko huo.

Daktari akikuta uzazi uko salama, rudi kwenye vipimo. Mbwa wa kilo 20 hunywa takriban lita moja kwa siku, na joto la Kisumu linaweza kuongeza kidogo. Akifika lita mbili kila siku (mililita 100 kwa kila kilo), kuna ugonjwa, mara nyingi wa figo au sukari. Pima kwa chupa ya lita moja: andika ulichomimina asubuhi, toa kilichobaki asubuhi inayofuata, na urudie siku tatu. Hesabu huharibika kuku wakinywa hapohapo, mvua ikiingia, au beseni likipinduliwa. Weka beseni la pili lenye maji sawa mahali asipofika yeyote, ujue jua linakausha kiasi gani. Ukienda kwa daktari, beba mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi, uliokingwa kwa bakuli akiwa anakojoa na usiozidi saa moja au mbili.

SWALI: Mbwa wangu anachechemea. Nimempa kidonge kimoja cha brufeni. Je, nimpe kingine jioni? – Kijana, Bungoma

JIBU: Usimpe. Ibuprofeni (ndiyo hiyo brufeni) na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na panado huharibu ini na damu. Andika saa uliyompa, nguvu ya kidonge na uzito wa mbwa, kisha mpigie daktari sasa hivi. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwa sababu chumvi nayo humuua. Kutapika na kinyesi cheusi kama lami ni dalili za damu tumboni.

SWALI: Watu husema pua kavu ni ugonjwa. Ni kweli? – Msomaji, Busia

JIBU: Si kweli. Mbwa mzima akilala juani pua hukauka, na mgonjwa mahututi anaweza kuwa na pua mbichi. Nunua kipimajoto cha kidijitali, ukiweke kwa ajili ya mbwa peke yake. Kipake mafuta ya mgando, mtu mmoja ashike kichwa, nawe ukiingize sentimita mbili au tatu kwenye njia ya haja kubwa, ukikielekeza pembeni kiguse ukuta. Kikichomwa kwenye kinyesi kitasoma chini kuliko ukweli. Joto la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Ikizidi 39.5 akiwa ametulia kivulini, rudia baada ya nusu saa. Ikifika 40, nenda kwa daktari.

Huko Busia kupe ni wengi, kwa hivyo kila jioni pitisha vidole ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, kwapani na chini ya mkia. Homa, ufizi uliopauka na mkojo wa rangi ya kahawa isiyo na maziwa vikija pamoja, ni ugonjwa wa kupe unaovunja chembe za damu. Daktari huuona kwa kupaka tone la damu kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, na ukimfikisha siku hiyohiyo mara nyingi hupona. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa kwa kipimo cha ng'ombe. Agroveti wana dawa za mbwa, na kwenye lebo mmeandikwa uzito na umri wa chini.