Fedha za Elimu ya Viungo: Kocha au Walimu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya msingi hapa Uingereza. Je, fedha maalumu za elimu ya viungo tuzitumie kumwajiri kocha wa nje afundishe vipindi vyote?

JIBU: Nisingeshauri hivyo. Mpango wa fedha hizo, ulioanza mwaka 2013, ulikusudiwa kuleta maboresho yatakayodumu, ilhali kocha anayefundisha peke yake huku mwalimu wa darasa akisahihisha madaftari huondoka na ujuzi wake mkataba unapokwisha. Kiwango kilichozoeleka, yaani pauni 16,000 kwa shule yenye wanafunzi 17 au zaidi, pamoja na pauni 10 kwa kila mwanafunzi, kinatosha kumleta kocha afundishe bega kwa bega na walimu hadi walimudu somo wenyewe. (Kocha mzuri, kwa kweli, hachukii kutazamwa.) Fedha hizi haziruhusiwi kutumika kwa ujenzi; lakini kuhusu kuogelea, mtoto ambaye baada ya masomo ya kawaida ya mtaala bado hajaweza kuogelea mita 25 anaweza kulipiwa vipindi vya ziada. Anzeni kwa kuwauliza walimu ni michezo ipi wanayosita kuifundisha.